Hita inayopuliza baridi: mnunuzi wa gari asiipuuze

KWA mfanyabiashara anayenunua gari Dar es Salaam, hita ni swichi isiyo na kazi. Joto la mji linamtosha. Anapokagua gari huuliza kiyoyozi, matairi, sauti ya injini na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, kisha huanza kupatana bei. Ni mpaka gari lifike Makambako au Njombe alfajiri ya mwezi Juni au Julai, kioo cha mbele kimejaa ukungu, ndipo anaposogeza swichi kwenye alama nyekundu na kupokea upepo wa baridi.

Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa kero ya msimu. Huvaa koti, hufuta kioo kwa kitambaa na kuendelea na safari. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu hita ya gari haina moto wake. Hutumia maji yale yale yanayopoza injini. Sehemu ya maji hayo hupita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake kuingia ndani ya gari. Kwa hiyo, injini ikishapata moto na hita ikabaki baridi, ama hewa haipitishwi panapotakiwa, ama maji ya moto hayafiki.

La kwanza ni dogo. La pili laweza kuwa mwanzo wa injini kufa, na kwa mtu ambaye mtaji wake wote umo katika Canter moja ya kubebea viazi au Hiace moja ya abiria, injini ikifa biashara nayo imesimama.

Paipu mbili zinatoa jibu

Kujua tatizo liko upande gani hakuhitaji mashine. Injini iwashwe mpaka geji ya joto ifike mahali pake pa kawaida, hita ifunguliwe yote na kiyoyozi kizimwe. Kisha boneti lifunguliwe na zitafutwe paipu mbili za mpira zinazoingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na chumba cha dereva. Zishikwe kwa tahadhari, mbali na feni na mkanda.

Zote mbili zikiwa za moto, maji yanafika. Kasoro iko ndani ya dashibodi, ambako kuna kibao kinachoelekeza hewa ipite kwenye joto au ikwepe. Huenda waya wake umechomoka, au mota yake ndogo imekufa. Feni isipopuliza kabisa, fyuzi ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mambo haya hayagusi uhai wa injini.

Moja ikiwa ya moto na nyingine ya uvuguvugu au baridi, maji yanaingia lakini hayatoki vizuri. Katika magari ya zamani hapo kuna koki inayofunguliwa kwa waya, nayo hukwama ikikaa miaka bila kutumika. Koki ikiwa nzima, basi rejeta ya hita imeziba, na hapo mnunuzi anapaswa kusimama na kufikiri. Mirija yake ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, hivyo kutu na uchafu huanza kukaa humo. Gari lililojazwa maji ya bomba miaka mingi badala ya kulanti huonyesha hali yake kwenye hita kabla halijaonyesha mahali pengine. Kufungua dashibodi nzima ili kuibadilisha ni kazi ndefu, na gharama kubwa ni ya fundi, si ya kipuri.

Zote mbili zikiwa baridi, sababu ni tatu au nne, na zote zinagusa injini moja kwa moja: maji yamepungua, hewa imenaswa ndani ya mfumo, wota pampu haisukumi, au thamostati imekwama wazi. Au thamostati haipo.

Hili la mwisho linastahili maelezo, maana kwetu limekuwa desturi. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hung'oa thamostati na kumrudishia mwenye gari wakidai sasa maji yanapita vizuri. Thamostati nyingi huanza kufunguka maji yafikapo nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Kabla ya hapo huyazuia yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta zaidi, na silinda huchakaa upesi. Katika baadhi ya injini maji hupata njia ya mkato na kuacha kupita kwenye rejeta kama inavyotakiwa, na gari huchemsha kuliko mwanzo. Ugonjwa uliosababisha kuchemsha unabaki pale pale. Dar es Salaam mwenye gari haoni tofauti. Huko Njombe hita humweleza.

Geji inaweza kudanganya

Rejeta ya hita katika magari mengi imekaa juu. Maji yakipungua, hewa hukimbilia huko, na hita hupoa ghafla hata kama geji bado imetulia. Aidha, kifaa kinachopima joto kinahitaji kuguswa na maji. Kikibaki kwenye hewa tupu, geji inaweza kuonyesha hali ya kawaida, au hata kushuka, huku injini inaungua. Dereva anayepanda Kitonga na mzigo, hita ikageuka baridi kwa ghafla, asimame mara moja atafute mahali maji yanapovuja. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka injini ipoe.

Mwinuko wenyewe hupunguza nafasi ya kukosea. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wenye mpira uliochoka ni kipuri cha bei ndogo, lakini umeua injini nyingi katika barabara hiyo.

Hita nzima, kwa upande mwingine, ni msaada hata kwa asiyejua baridi. Geji ikianza kupanda mlimani wakati maji yapo ya kutosha, kufungua hita yote na feni ya juu kabisa huondoa sehemu ya joto la injini. Dereva atatoka jasho, lakini anaweza kufika penye nafasi ya kuegesha. Gari ambalo paipu zake za hita zimeunganishwa nje kwa nje halina msaada huo. Magari ya aina hiyo ni mengi, hasa Hiace na Noah zilizokuja na hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma. Paipu zake za chuma zikioza na kuvuja, fundi hukata na kuunganisha ili gari lirudi barabarani siku hiyo hiyo. Muuzaji si lazima aseme.

Dalili mbaya kuliko zote ni hita inayopata moto ikapoa, ikapata tena ikapoa, na kila baada ya siku chache maji yanahitaji kuongezwa ingawa hakuna tone chini ya gari. Hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa: gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji. Paipu ya rejeta kuwa ngumu dakika chache baada ya kuwasha gari lililolala, moshi mweupe usiokwisha, au oili yenye rangi ya maziwa, vyote vinaongeza shaka. Zulia la mbele likiwa na unyevu, na harufu tamutamu ikasikika feni inapowashwa, ni rejeta ya hita yenyewe inayovuja.

Kwa mnunuzi, jambo la kwanza ni kulikuta gari likiwa baridi. Dalali akiwa amekwisha kuliwasha na kulipasha moto, afadhali kurudi kesho yake asubuhi bila kupiga simu. Dakika 15 za kuwasha hita hata katika joto la Kariakoo zinatosha. Hita ikishindwa, bei ipatanwe kwa kuhesabu kasoro iliyo mbaya zaidi, si ile ndogo ambayo muuzaji ataitaja. Naye akisema ni thamostati tu, aiweke yeye kabla ya fedha kutolewa.

Baada ya matengenezo yoyote, maji yajazwe hita ikiwa wazi na pua ya gari ikiwa imeelekea juu, injini ikinguruma taratibu mpaka mapovu yaishe. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Siku inayofuata, kabla ya kuwasha, chupa ya akiba itazamwe: yakiwa yameshuka kidogo ni hewa iliyokuwa imebaki, yaongezwe, yakishuka tena asubuhi ya tatu, gari lirudi kwa fundi kabla halijapakiwa mzigo.