Zawadi ya Mafunzo kwa Mtoto wa Mbwa Mwenye Tumbo Jepesi

Katika kaya za Nanyala, wilayani Mbozi, mbwa ni mlinzi wa usiku. Wengi wetu tumezoea kumfunza kwa fimbo, lakini zawadi ya chakula humfanya ajifunze kwa hiari. Huko Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya huzawadiwa ndizi kila anapofanya vizuri.

Hata hivyo, mtoto wa mbwa huweza kuharisha chakula kinapobadilishwa ghafla. Kuhara humkausha maji upesi, naye anaweza kufa. Kwa hiyo tunashauri:

- Chagueni chakula laini kisicho na mafuta, chumvi wala viungo: kuku aliyechemshwa na kutolewa mifupa, au kiazi kitamu kilichochemshwa.
- Kateni vipande vidogo kama haragwe. Zawadi za siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake.
- Anzeni na chakula kimoja. Subirini siku mbili kabla ya kujaribu kingine.
- Msimpe maziwa ya ng'ombe, vitunguu wala chokoleti.

Zaidi ya yote, msimpe mahindi yenye ukungu. Sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huua mbwa pia. Yasiyofaa kwa mtoto wa nyumbani hayamfai mlinzi wake.

Akiharisha zaidi ya siku moja, au mkiona damu, mwoneni afisa mifugo.