Usingizi ni Sehemu ya Kazi ya Karani

Msimu wa ununuzi wa mazao ufikapo, makarani wengi wa vyama vya msingi hukesha wakilinganisha daftari la fedha na stakabadhi za mizani. Bidii hiyo yastahili sifa, lakini yafaa ifahamike kuwa akili iliyonyimwa usingizi haishiki vema ilichojifunza.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili silabi kumi kumi zisizo na maana ili wazikariri. Walipolala kwa muda wa saa nane, walikumbuka zaidi ya nusu. Walipokaa macho kwa muda huo huo, walikumbuka moja hivi tu. Wataalamu hueleza kwamba mtu alalapo, ubongo huyarudia mambo ya mchana na kuyaimarisha.

Hasira nayo huzidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa sehemu ya ubongo inayoamsha hofu huchochewa kwa nguvu zaidi na mambo ya kuudhi katika mtu aliyekesha. Hapo neno dogo mizanini huzua ugomvi, na kilo 96 zikiandikwa 69, mkulima amepunjwa kilo 27 za jasho lake.

Hivyo ni wajibu wa Kamati kuhakikisha hesabu zinafungwa kila jioni, zisilimbikizwe hadi usiku mmoja. Nao wanaohudhuria mafunzo walale saa saba au zaidi. Haki ya mwanachama hulindwa na karani aliye macho mchana, kwa kuwa usiku alilala.