Kwa nini mpira una ukungu kwenye flati mpya

Wateja huniuliza kila wiki: nimeuza TV ya chogo, nimenunua flati ya inchi 43, mbona mpira una ukungu? Wanadhani macho yamechoka. Macho ni mazima. Wanachokiona kipo kweli.

Chogo kile hakikuwa urembo. Ni bomba la kioo lisilo na hewa. Shingoni mwake elektroni hufyatuliwa, koili za sumaku zikazielekeza mstari baada ya mstari, na zinapogonga fosfori nyuma ya kioo, nukta huwaka na kufifia papo hapo. Pasipogongwa hapana mwanga, kwa hiyo usiku wa kwenye filamu huwa mweusi tititi.

Flati ya LCD hufanya kinyume. Nyuma yake taa zinawaka muda wote, na fuwele za kimiminika zinakaa mbele kama pazia. Pazia hilo halizibi kabisa. Zima taa za sebuleni, weka tukio la gizani: cheusi kimekuwa kijivu, na pembeni mwanga unavuja.

Mpira nao unaharibikia hapo hapo. Flati huishikilia kila picha mpaka inayofuata ifike. Jicho halisubiri, linaukimbiza mpira, na picha iliyotulia inatambaa ndani ya jicho kama wino mbichi uliopitiwa na kidole. Tena chaneli isiyo ya HD huleta mistari 576 tu. TV ya chogo iliichora kama ilivyo. Flati yenye mistari 1080 inabidi ibuni mistari ambayo haikutumwa, ndipo nyuso za wachezaji zinapolainika kama zimepakwa mafuta.

Kwenye kompyuta, hata hivyo, sitetei chogo. Herufi za LCD zina kingo kali, pembe za picha hazipindi, na spika ikiwekwa karibu haiachi doa la rangi. Chogo kikiwekwa hezi 60 kilimetameta hadi kichwa kikauma. Tulikuwa tunakipandisha hadi 85.

Ukienda dukani, usihukumu kwa ile video ya maua na samaki wa rangi kali. Mwombe muuzaji akuwekee mechi ya chaneli ya kawaida, kisha simama pembeni, pale watoto watakapokaa nyumbani. Rangi zikigeuka, iache hiyo, ujaribu nyingine.