Sura ya 6: Kisima Kilichodaiwa Kukauka

Kila mji unaotegemea visima virefu una siku yake ya taharuki. Mabomba yanatoa hewa, ndoo zinapangwa foleni tangu alfajiri, diwani anapigiwa simu mfululizo, na kabla ya saa nne asubuhi hukumu imeshatoka: kisima kimekauka. Hakuna aliyepima kitu. Hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii, kwa sababu katika kazi ya maji sijui kauli nyingine inayotamkwa kirahisi hivyo na kula fedha nyingi hivyo. Kisima kikishatangazwa kuwa kimekauka, kinachofuata ni zabuni ya kuchimba kingine, mara nyingi hatua chache tu kutoka kile cha kwanza, kwenye mwamba uleule, ili nacho kife kwa ugonjwa uleule.

Mpango wangu ni mwepesi: nianze na kisima chenyewe, nije kwenye pampu, nimalizie na umeme. Ila kwanza kuna takataka za kuondoa njiani.

Ya kwanza ni ule mto wa chini ya ardhi. Watu wengi, wakiwamo waliosoma, wanaamini kwamba huko chini kuna mito inayotiririka, na kwamba kazi ya mchimbaji ni kuulenga mmoja. Penye mapango ya mawe ya chokaa mito ya namna hiyo ipo kweli. Lakini sehemu kubwa ya Tanzania bara imekaa juu ya itale na miamba mingine ya kale, na maji yamo kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la mwamba uliooza juu yake. Kwingineko yamejaa katikati ya chembe za mchanga. Yanasogea, lakini polepole mno. Mto ungeona aibu.

Hapo ndipo anapojitokeza bwana mwenye kijiti cha panda, au nazi kiganjani. Anatembea, kijiti kinainama, anatamka, “Hapa, mita sitini.” Maji yakipatikana, jina lake linavuma kata nzima. Hakuna muujiza: pale ambapo tabaka lenye maji limetandaa kila mahali, mwenye kazi ngumu ni yule anayetaka kuyakosa. Mpeni kazi kwenye mwamba mgumu, tena mumpime kwa kiasi cha maji kinachotoka kwa saa, si kwa kuuliza kama yapo au hayapo. Naandika kwa ukali kwa sababu imani hii haiishii siku ya kuchimba. Kisima kikipungua, wenye imani hiyo husema mto umehama, na wengine husema mzimu umekasirika, atafutwe mbuzi. Mbuzi analiwa, kisima kinabaki kimeziba.

Takataka ya pili imevaa suti. Siku hizi haikosekani semina ambayo mtu anaonyesha kwenye simu yake grafu ya kisima kilichoko wilaya nyingine. Sina ugomvi na kihisi kinachotuma grafu hiyo. Nina ugomvi na mji unaonunua vihisi huku mita ya maji iliyo kichwani mwa kisima ina kioo kilichopasuka na mshale ambao haujasogea tangu Mungu ajue lini. Sumaku za kufunga kwenye bomba ili “kulainisha maji” nazipita kimya.

Sasa kisima. Kina vina viwili vya maji, na asiyevitofautisha asipewe kipaza sauti. Cha kwanza ni pale maji yanaposimama baada ya pampu kupumzika usiku kucha: nakiita kina cha utulivu. Cha pili ni pale yanapofika pampu ikiwa imefanya kazi kwa saa kadhaa hadi yakaacha kushuka: kina cha kazi. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo mshuko. Chukua maji yanayotoka kwa saa, gawanya kwa mshuko, utapata tarakimu moja ambayo kwangu ina thamani kuliko ripoti nzima yenye jalada gumu. Inakwambia kila mita ya mshuko inakupa maji kiasi gani.

Tuchukue mfano. Siku kisima kinakabidhiwa, maji yalisimama mita 28 chini, na pampu ilipotoa mita za ujazo 18 kwa saa yalishuka hadi mita 40. Mshuko ni mita 12, kwa hiyo kila mita inatoa mita za ujazo 1.5 kwa saa. Miaka inapita, mji unalia. Unapima: maji yamesimama mita 29. Pampu ikifanya kazi yanashuka hadi mita 55, na kinachotoka ni mita za ujazo 13. Mshuko umekuwa mita 26, na kila mita inatoa 0.5 tu. Zisome tena tarakimu hizo taratibu. Akiba ya ardhini imeshuka mita moja. Maji yako palepale. Kilichopotea ni theluthi mbili ya njia ya kuyafikisha kisimani.

Geuza sasa. Maji yamesimama mita 45, pampu inatoa zilezile 18, yanashuka hadi mita 57. Tarakimu bado ni 1.5. Hapa kisima ni kizima kabisa. Ardhi ndiyo iliyopungukiwa, na hakuna brashi wala dawa itakayosaidia. Mtapunguza saa za kusukuma au mtatafuta chanzo kingine. Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa, na ukiyaangalia kwenye bomba la jikoni yanafanana.

Kifaa cha kuyatofautisha kinaitwa dipmita: utepe wenye nyaya mbili ndani na ncha ya chuma. Ncha ikigusa maji, mzunguko wa umeme unakamilika na kengele inalia juu. Hakihitaji shahada. Kinahitaji kibomba chembamba cha plastiki kilichoshushwa sambamba na bomba la kupandishia maji, ili utepe upite bila kujisokota kwenye kebo ya mota. Kagua visima vya mji wako uone ni vingapi vina kibomba hicho. Utakuta mfuniko umechomelewa pande zote kwa ajili ya usalama, na pale palipoachwa tundu, utakuta kipande cha utepe wa mtu aliyejaribu kupima, ukanasa kwenye kebo, akaukata na kwenda zake.

Njia inazibwaje? Sehemu ya kisima inayopitisha maji ni skrini, bomba lenye nyufa nyembamba lililozungukwa na changarawe iliyochekechwa. Udongo laini hujipenyeza humo. Chokaa iliyoyeyuka katika maji huganda na kuwa magamba, kama yale ya ndani ya birika. Na wapo bakteria wanaoishi kwa kula chuma kilichoyeyuka. Hawamdhuru mnywaji, lakini hutengeneza ute mzito wa rangi ya kutu unaojaza nyufa zote. Pampu ikipandishwa imevaa ute huo, utasikia, “Bomba limeoza,” na bomba zima linabadilishwa.

Halafu unakuja ushauri maarufu kuliko wote: wekeni pampu kubwa zaidi. Mwaka 1947 mtaalamu wa Marekani, C. E. Jacob, aliugawa mshuko katika sehemu mbili. Moja inatokana na maji kusafiri ndani ya ardhi, nayo inakua sawia na kiasi unachosukuma. Nyingine inatokana na maji kupenya kwenye kisima chenyewe, nayo inakua kwa mraba: sukuma mara mbili, sehemu hiyo inakuwa mara nne. Katika kisima kilichoziba, hiyo ya pili ndiyo inayotawala. Kwa hiyo pampu kubwa inaongeza maji kidogo na mshuko mwingi. Maji yanashuka chini ya ncha ya juu ya skrini, hewa inaingia, gesi ya kaboni dioksaidi inatoka majini kwa kupungua kwa mgandamizo, na chokaa inaganda upesi kuliko mwanzo. Kasi kwenye nyufa chache zilizobaki inavuta mchanga, na mchanga unakula impela, yale magurudumu yanayosukuma maji ndani ya pampu. Muuza pampu anarudi mwakani na kubwa zaidi. Ndugu zake ni wale wanaodai kisima kipana kinatoa maji mengi: ongeza kipenyo mara mbili, kwa kawaida utapata nyongeza ya takriban asilimia 10.

Hapa nilipaswa kuhamia kwenye pampu, lakini siwezi kuzungumzia kina cha utulivu nikaacha Makutupora.

Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, ndiyo bonde la visima lililoulisha maji mji huo kwa miongo mingi. Ni nchi kavu, mvua ni ya msimu mmoja, na mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia 2016. Kila ukame ukija unasikia Makutupora inakwisha. Tofauti na miji mingi, pale watu walipima. Kumbukumbu za kina cha maji zilianza katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo.

Kilichoonekana kinawashangaza hata wahandisi. Ardhi ya Makutupora haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka inapita mfululizo, mvua inanyesha, mahindi na mtama vinaota, na kina cha maji kinaendelea kushuka kana kwamba hakuna tone lililoingia. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi wa El Niño, na maji yanapanda kwa ghafla. Ujazo mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu hizo ulikuwa wa 1997/98, mvua zilezile tunazozikumbuka kwa madaraja na barabara zilizosombwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo huingia hasa kupitia mchanga wa mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo, ile ambayo miezi mingi ya mwaka ng’ombe wanaivuka bila kulowa kwato.

Fikiria basi maana yake kwa fundi wa mwaka 1996. Anaona kina kinashuka mwaka baada ya mwaka. Asiye na daftari atasema kisima kinakufa. Mwenye daftari ataona mteremko wa taratibu uliowahi kutokea kabla, ataangalia ile tarakimu ya maji kwa kila mita, na kama haijabadilika atapunguza saa za pampu na kusubiri. Sisemi Makutupora haina mwisho. Unaweza kuteka upesi kuliko El Niño inavyorudi, na mji unaokua unaelekea huko. Nasema tu kwamba haya tunayajua kwa sababu watu wenye utepe walikwenda kupima mwaka hadi mwaka, hata pale ambapo hakuna aliyewauliza majibu.

Turudi. Kisima kilichoziba kinasafishwa, na mpangilio wa kazi una maana. Brashi ya waya kwanza, kwenye urefu wote wa skrini, kisha uchafu uondolewe kwa kompresa. Ndipo dawa iingie: asidi kwa magamba, klorini kwa ute wa bakteria. Anayemimina dawa juu ya uchafu ambao haujaguswa anaosha uso wa uchafu. Na asidi isikutane na klorini kisimani hata siku moja. Zikikutana hutoa gesi ya sumu, na fundi aliyeinama kwenye mdomo wa kisima ndiye wa kwanza kuivuta. Sukuma nje ya kwanza, pima, ndipo ya pili. Mwishoni rudia kipimo cha mshuko. Bila hicho, bili ya usafishaji ni bili ya kelele za kompresa.

Pampu nimeibakizia nafasi ndogo. Mota ya pampu ya kuzamisha imekaa chini ya pampu, na inapoozwa na maji yanayoipita yakielekea juu. Ikiwekwa chini ya skrini zote, maji huingia pampuni kutoka juu bila kuigusa mota. Inaungua ikiwa imezama majini, na watu wanaapa umeme ndio uliosababisha. Dawa ni koti la bomba kuizunguka.

Umeme nao una hatia zake. Mota za fezi tatu huchemka fezi zisipolingana, na joto hupanda kwa mraba pia: tofauti ya volti ya asilimia 3.5 huongeza joto kwa asilimia 25 hivi. Fezi moja ikikatika kabisa, mota haina muda mrefu. Kuna kifaa kidogo cha kuizima hali hiyo ikitokea. Fungua paneli nyingi utakikuta kimerukwa kwa kipande cha waya, kwa kuwa “kilikuwa kinazimazima pampu usiku.”

Na kama mji ulikuwa na maji Jumatatu, mafundi wa umeme wakabadilisha transfoma Jumanne, na Jumatano kisima “kimekauka”, msipandishe pampu. Pampu inayozunguka kinyume bado hutoa maji, ila kidogo na yasiyo na nguvu. Zimeni umeme, badilishaneni nyaya mbili kati ya tatu za fezi kwenye paneli, washeni, msome geji.