Seva ya hifadhidata inapokataa kusakinishwa upya

UMEME unapokatika ghafla katika kituo cha afya kilicho ufuoni mwa Ziwa Victoria, si taa pekee zinazozimika. Tarakilishi inayohifadhi rekodi za wagonjwa nayo huzimika, pengine kabla haijamaliza kuandika data kwenye diski. Umeme urudipo, seva ya hifadhidata huenda ikakataa kuanza kazi. Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka: programu hufutwa na kusakinishwa upya kwa pupa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini Kenya. Radi ni jambo la kawaida katika eneo hilo la ziwa, na mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani.

Vituo vingi vya serikali hutumia KenyaEMR, mfumo ulioanza mwaka 2012 na kujengwa juu ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumiwa mjini Eldoret mwaka 2006. Data za mifumo hiyo huhifadhiwa katika MySQL: dawa anazomeza mgonjwa, vipimo vyake na tarehe ya kurudi kliniki.

Kwa nini basi usakinishaji upya hugonga mwamba? Sababu kuu ni kwamba programu na data ni vitu viwili tofauti. Programu ikiondolewa kwa njia ya kawaida, folda ya data hubaki: /var/lib/mysql kwenye Ubuntu, au ndani ya ProgramData, folda iliyofichwa, kwenye Windows. Seva mpya huikuta folda ile ile pamoja na kasoro zake. Hata nenosiri la zamani huendelea kutumika, kwa kuwa limo ndani ya data, na fundi huduwaa nenosiri jipya likikataliwa.

Jambo la kwanza, kabla ya kufuta chochote, ni kuisimamisha seva na kunakili folda nzima ya data kwenye diski ya nje. Kunakili faili za majedwali pekee hakutoshi. Faili ya ibdata1 na zile za kumbukumbu za miamala sharti ziandamane nazo.

La pili ni kusoma faili ya makosa ya seva, ambayo mara nyingi hutaja kiini cha tatizo. Huenda diski imejaa, seva haina idhini ya kufungua folda yake, au seva nyingine inashikilia mlango nambari 3306. Huenda pia toleo halilingani: data iliyokwisha kuboreshwa kwa toleo la 8.0 haifunguki kwa 5.7, na ya 5.6 hairuki moja kwa moja hadi 8.0, bali hupitia 5.7 kwanza.

Iwapo data yenyewe imeharibika, MySQL ina mpangilio uitwao innodb_force_recovery, wenye viwango 1 hadi 6. Fundi hufanyia kazi nakala wala si data asili, huanza na 1 na kupanda polepole, kwani kuanzia 4 data huweza kuharibika kabisa. Seva ikiitika, data hutolewa kwa mysqldump, kisha huingizwa katika seva mpya yenye folda tupu.

Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Betri ya akiba huipa tarakilishi muda wa kuzimwa ipasavyo, na nakala ya kila siku, ikiwekwa mbali na mashine na kujaribiwa mara kwa mara, huondoa hofu. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu, na mgonjwa aliyesafiri kwa mashua kutoka kisiwani kufuata dawa hatibiwi kwa matumaini.