Kinyesi cha mbwa na paka chaweza kukuonya mapema

Mbwa hawezi kukueleza anaumwa wapi. Kabla hujamwita daktari wa mifugo, hebu chungulia alichoacha uani.

Kinyesi cha mnyama mwenye afya huwa cha kahawia na kimeshikana. Kikiwa cheupe na kikavu kama chokaa, huenda mbwa wako analishwa mifupa kupita kiasi, kosa la wengi wanaofuga mbwa wa kulinda boma. Kikiwa cheusi na kunata kama lami, yaelekea damu inavuja tumboni au katika utumbo mwembamba. Damu nyekundu kwa kawaida hutoka karibu na njia ya haja.

Ukiona vipande vyeupe mithili ya punje za mchele, huyo ni tegu. Dawa ya minyoo pekee haitoshi. Mnyama huambukizwa kwa kumeza viroboto anapojilamba, hivyo viroboto nao sharti waangamizwe.

Usingoje kesho iwapo mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa anatapika na kuhara damu yenye uvundo. Huenda ni ugonjwa wa parvo, ambao huua kwa siku chache. Paka dume anayejikamua bila kutoa kitu pia ni wa kukimbizwa kwa daktari: pengine kilichoziba si choo bali mkojo, na anaweza kufa kwa siku mbili tatu.

Kinyesi cha paka kizolewe kila siku, kwani vijidudu vya toksoplasma vilivyomo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mja mzito amwachie mwingine kazi hiyo.