Alama Haziokoi Mtu

Mtu aliyejidhuru anapofikishwa kitengo cha dharura cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, Arusha, mwili ndio hushughulikiwa kwanza, na ndivyo inavyopasa. Swali gumu huja akishatengemaa: arudi nyumbani au alazwe? Katika nchi nyingi jibu limetafutwa kwenye fomu: umri, jinsia, pombe, majaribio ya nyuma, kila jambo na alama zake, na jumla humtia mtu kundi la hatari kubwa au ndogo. Fomu hiyo humtuliza mhudumu, lakini kutabiri haiwezi. Mwaka 2016 daktari wa magonjwa ya akili Matthew Large na wenzake walijumlisha tafiti 37 zilizofuatilia wagonjwa wa akili kwa wastani wa miaka mitano hivi. Katika kila 100 walioitwa wa hatari kubwa, takribani 95 hawakujiua. Na karibu nusu ya waliojiua walikuwa wamehesabiwa kuwa na hatari ndogo. Nia ya kufa hupanda na kushuka ndani ya saa chache, hivyo kipimo cha asubuhi jioni huwa kimeshapitwa. Ndiyo maana mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unakataza kutumia alama hizo kuamua nani ahudumiwe.

Tathmini yenye manufaa huuliza kilichomfikisha mtu hapo, kinachomshikilia asikate tamaa, na nani atakuwa naye usiku huo. Wapo wanaohofia kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua ni kumpandikizia wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na wengi hupata ahueni wakiulizwa. Majibu yao huzaa mpango wa usalama ulioandikwa kwa maneno yao wenyewe: dalili kwamba hali inaanza kubadilika, jambo linalowatuliza, namba ya dada au mchungaji, kituo cha afya cha kukimbilia. Kisha yaondolewe karibu nao yale yanayoweza kuwadhuru. Kwenye miteremko ya Meru, kuanzia mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki hadi migomba na kahawa ya Poli, viuatilifu mara nyingi hukaa nyumbani. Kumwomba shemeji au jirani avifungie kwake kwa muda ni sehemu ya tiba. Husemwa kwamba aliyeamua atatafuta njia nyingine. Lakini Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali hatua kwa hatua, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kikashuka kwa takribani 70%. Wengi waliokosa njia ya karibu waliishi.

Pingamizi zito zaidi ni uchache wa wataalamu. Lakini jaribio la Shirika la Afya Duniani katika Brazili, India, Iran, China na Sri Lanka, lililochapishwa 2008, halikutegemea vifaa wala dawa mpya: mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha simu au ziara tisa ndani ya miezi 18. Waliofuatiliwa hivyo walikufa kwa kujiua 0.2%, wenzao waliopata huduma ya kawaida 2.2%. Kazi ya namna hiyo muuguzi aliyefundishwa anaiweza, na ziara zinaweza kufanywa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kikwazo kisichohitaji fedha kukiondoa ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Watetezi wake husema kinaonya. Ila mgonjwa anayeogopa polisi atasema ilikuwa bahati mbaya, ndugu wataitikia, na tathmini itaishia hapo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba. Sheria ikishamwacha mgonjwa aseme kweli, hospitali nayo ijipime kwa hesabu rahisi: wangapi walitoka na mpango mkononi, na wangapi walipigiwa simu ndani ya wiki ya kwanza baada ya kutoka.